Blasio Kigozi na Mbegu ya Uamsho

Yeyote anayetaka kufahamu jinsi Uamsho ulivyolifikia Kanisa letu hana budi kuanzia Gahini, kituo cha misheni ya Kianglikana mashariki mwa Rwanda. Huko ndiko Blasio Kigozi, kijana Mganda, alikokwenda mwaka 1929 kuwa mwalimu. Mwaka huo huo kaka yake, Simeoni Nsibambi, alikutana Kampala na Dkt. Joe Church, mmisionari wa Gahini. Wawili hao walijifunza Biblia pamoja na kumwomba Mungu awajaze Roho wake.

Mwaka 1934 Kigozi aliwekewa mikono kuwa shemasi, akakabidhiwa shule ya wainjilisti. Aliingiwa na uchungu moyoni kwa kuona kwamba Wakristo waliongezeka kwa hesabu, lakini maisha ya wengi hayakubadilika. Mwaka 1935 alijitenga kwa juma zima, akaomba na kuuchunguza moyo wake. Alipotoka alihubiri dhambi, toba na kuzaliwa mara ya pili kwa nguvu mpya. Mahubiri hayo hayakuwapendeza wote.

Mnamo Septemba 1935 kikundi cha Gahini, naye akiwamo, kilisafiri hadi Kabale nchini Uganda kuhubiri. Watu waliungama, wakarudisha mali walizoiba, wakapatana na waliokosana nao. Tangu hapo ikawa desturi ya ndugu wa Uamsho kusafiri kwa vikundi, Waafrika na Wazungu bega kwa bega, kila mmoja akishuhudia aliyotendewa na Bwana.

Januari 1936 Kigozi alifunga safari kwenda kwenye Sinodi ya Kanisa la Uganda akiwa na hoja tatu: chanzo cha ubaridi wa Kanisa, kupewa Meza ya Bwana watu wanaoishi dhambini waziwazi, na njia ya kuamka. Hakuwahi kuzitetea. Homa ya kupe ilimshika, akafariki mwezi huo huo mjini Kampala, akiwa hajatimiza miaka thelathini. Hata hivyo hoja zake zilifikishwa mbele ya Sinodi, na wito wake wa kuamka ukawa wito wa wahubiri waliomfuata.

Kabla ya muongo huo kwisha, moto huo ulikuwa umevuka mpaka na kuingia Buhaya, ukawagusa hata Walutheri. Miongoni mwa vijana wa Uamsho alikuwamo Josiah Kibira, aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1964, na baadaye akawa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia mwaka 1977 hadi 1984.

Leo, tunapomshukuru Mungu kwa miaka mia moja ya usharika, ni vyema tuhesabu majengo na waliobatizwa. Lakini shemasi huyu aliyekufa kijana anatuachia hesabu nyingine iliyo ngumu zaidi: je, mioyo yetu ingali na moto? Bwana na atujalie kulijibu swali hilo kwa toba na kwa furaha.