Vittorio De Sica: Mchekeshaji aliyetupa filamu ya baiskeli iliyoibwa

Huku vijijini baiskeli si pambo. Ndiyo inayobeba maziwa, mkaa, mgonjwa na mtoto wa shule. Ikiibwa, nyumba nzima inatikisika. Leo tunamwangalia Mwitaliano aliyetengeneza filamu nzima kuhusu msiba huo, ingawa watu wa nchi yake walikuwa wamemzoea kama kijana wa kuwachekesha. Jina lake ni Vittorio De Sica.

Alizaliwa tarehe 7 Julai 1901 katika mji mdogo wa Sora, katikati ya Italia. Familia yake haikuwa na uwezo mkubwa. Baba yake, Umberto, alikuwa karani wa benki, na kijana naye akasomea uhasibu. Lakini mwaka 1923 alijiunga na kundi la maigizo la Tatiana Pavlova, na hesabu akaziacha.

Umaarufu ulimjia mwaka 1932. Katika filamu ya kuchekesha ya Mario Camerini aliigiza dereva anayechukua gari la bosi wake ili kumvutia binti wa dukani. Humo aliimba pia, na Italia ikampenda. Kwa miaka mingi akawa sura ya vichekesho vyepesi. Hata alipoanza kuongoza filamu mwenyewe mwaka 1940, alianza na vichekesho.

Kisha vita vikaikumba Italia. Wakati huo De Sica alishikamana na mwandishi Cesare Zavattini, na kazi yake ikageuka. Mwaka 1946 walitoa Sciuscià, kuhusu watoto wawili wanaong'arisha viatu mjini Rome na kuishia gerezani. Huko Italia haikuleta fedha, lakini Marekani iliipa tuzo maalumu ya Oscar.

Mwaka 1948 ikaja Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli. Baba mmoja asiye na ajira anapata kazi ya kubandika mabango, kwa sharti la kuwa na baiskeli. Yake iko rehani. Mkewe anatoa mashuka ya kitandani yawekwe rehani badala yake. Siku ya kwanza kazini, baiskeli inaibwa. Baba na mwanawe mdogo wanaitafuta mji mzima, mpaka baba mwenyewe anajaribu kuiba ya mtu mwingine na kukamatwa mbele ya mtoto. Mwenye baiskeli anamwangalia mtoto yule, anamsamehe baba. Wanaondoka wameshikana mikono, bila baiskeli.

Tajiri mmoja wa filamu wa Marekani alikuwa tayari kutoa fedha, ilimradi baba huyo aigizwe na nyota Cary Grant. De Sica alikataa. Alimchukua Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani ambaye hakuwa mwigizaji, akapiga picha katika mitaa halisi ya Rome. Filamu hiyo nayo ilipata Oscar.

Si wote waliofurahi. Mwaka 1952 alitoa Umberto D., kuhusu mzee mstaafu ambaye pensheni haimtoshi kulipa kodi ya chumba, na rafiki yake ni mbwa tu. Filamu hiyo aliitoa kwa heshima ya baba yake. Giulio Andreotti, aliyekuwa serikalini, alilalamika kwamba inaichafua Italia mbele ya dunia. Watazamaji nao walikuwa wachache.

Msikilizaji, hapa ndipo tunapojifunza jambo. De Sica hakuvitupa vichekesho. Filamu za maskini zilikuwa ngumu kupata fedha, naye alipenda kamari iliyomla sana mfukoni. Hivyo alirudi mara kwa mara kuigiza filamu za wengine. Mwaka 1953 alichekesha tena akiwa mkuu wa polisi wa kijijini katika Pane, amore e fantasia, iliyopendwa mno. Vichekesho vilimlisha, na fedha zake zilisaidia kazi nzito.

Mwaka 1960 alimwongoza Sophia Loren katika La ciociara, kuhusu mama na binti yake wakati wa vita, na Loren akapata Oscar. Filamu nne za De Sica zilipewa tuzo hiyo, ya mwisho ikiwa ile ya mwaka 1970 kuhusu familia ya Wayahudi wa Italia.

Alifariki Ufaransa tarehe 13 Novemba 1974. Ukiipata ile ya baiskeli, itazame pamoja na watoto. Hata usipoelewa Kiitaliano, uso wa yule mtoto utakueleza kila kitu.