Egon Degens: Bingwa aliyeyasoma matope ya Ziwa Kivu

KATIKA mji wetu wa Rubavu, ambao wengi bado tunauita Gisenyi, hakuna asiyejua kwamba ndani ya Ziwa Kivu kuna gesi. Mvuvi wa sambaza anajua, mama anayeuza samaki sokoni anajua, hata mtoto wa shule ya msingi anajua. Lakini ukiuliza gesi hiyo ilitoka wapi, majibu yanakuwa mengi. Huyu atasema ni volkano ya Nyiragongo, yule atasema ni mimea na samaki waliooza, mwingine atamwachia Mungu.

Swali hilo si la kupitishia muda. Kama gesi inaendelea kutengenezwa, ziwa letu ni kama shamba: unavuna, linazaa tena. Kama ilikusanyika zamani na kazi ikaishia hapo, basi ziwa ni ghala, na ghala lisilojazwa huisha. Zaidi ya hayo, gesi hiyo hiyo ikitoka yote kwa mkupuo mmoja inaweza kuua. Zaidi ya watu milioni mbili wanaishi kando ya ziwa hili, upande wa Rwanda na upande wa Congo. Kwa hiyo anayeuliza asili ya gesi anauliza pia juu ya maisha yetu.

Miongoni mwa wataalamu walioshughulika na swali hilo kwa dhati yumo marehemu Profesa Egon Degens, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki mwaka 1989. Vitabu vya jiolojia vinamtaja sana, lakini mitaani kwetu jina lake halisikiki. Leo nimeona nimsimulie kwa wasomaji.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nilisomea Tanzania, mkoani Kagera, ambako wazazi wangu waliishi ukimbizini, nikarudi Rwanda nikiwa mtu mzima. Huko shuleni tulifundishwa Bonde la Ufa, tukachora Ziwa Viktoria na Ziwa Tanganyika mpaka mkono ukazoea. Kivu ilikuwa doa dogo la bluu juu ya Tanganyika, wala haikuulizwa kwenye mtihani. Nilipopangiwa kufundisha hapa Rubavu, wanafunzi walinijia na maswali ya ziwa lao, nami ilinibidi nitafute majibu. Karibu kila andiko nililolipata lilinirudisha kwa mtu huyu na wenzake.

Kusoma jiwe kama kitabu

Fani ya Degens ilikuwa miamba tabaka, yaani miamba inayotokana na mashapo: mchanga, matope, chokaa na mabaki ya viumbe vinavyotua chini ya maji, tabaka juu ya tabaka, hadi vikagandamana na kuwa jiwe. Kila tabaka hubeba alama za siku lilipotua. Kazi ya mtaalamu ni kuzisoma alama hizo, na Degens alizisoma kwa njia ya kemia.

Alianza kujulikana mwishoni mwa miaka ya 1950 akiwa Marekani, katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania. Huko, pamoja na wenzake Williams na Keith, alishughulikia miamba ya udongo ya kale ile inayopatikana pamoja na makaa ya mawe. Walitaka kujua, kati ya miamba inayofanana kwa macho, upi ulitua baharini na upi ulitua kwenye maji baridi. Walipima madini machache yaliyojificha ndani yake, hasa boroni. Maji ya bahari yana boroni nyingi kuliko maji ya mito na maziwa, na udongo mfinyanzi huinyonya na kuihifadhi. Hivyo jiwe la mamilioni ya miaka liliweza kueleza kama lilizaliwa baharini au ziwani. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1957 na 1958.

Baadaye alifanya kazi na Samuel Epstein katika Taasisi ya Teknolojia ya California, wakichunguza chembe nyepesi na chembe nzito za oksijeni na kaboni ndani ya miamba ya chokaa. Ufundi huo wa kupambanua chembe za aina moja kwa uzito wake ndio uliokuja kuwa na manufaa makubwa kwetu. Mwaka 1965 alitoa kitabu kizima juu ya kemia ya mashapo, kilichotumiwa na wanafunzi wa vyuo vikuu kwa miaka mingi.

Kutoka Bahari ya Shamu hadi Bonde la Ufa

Wakati huo alikuwa amehamia Taasisi ya Utafiti wa Bahari ya Woods Hole, jimboni Massachusetts. Hapo alibadilisha namna ya kufanya kazi. Badala ya kusoma miamba iliyokwisha kukauka, alianza kwenda mahali ambapo mashapo yanatua leo, ayaone yakiwa bado matope.

Mwaka 1966 watafiti wa Woods Hole walichunguza sakafu ya Bahari ya Shamu, kwenye kina cha kiasi cha mita 2,000. Walikuta madimbwi ya maji ya chumvi kali, yenye joto la nyuzi 56, na chini yake matope yaliyojaa chuma, zinki na shaba. Degens na mwenzake David Ross walihariri kitabu kikubwa juu ya uvumbuzi huo, kikatoka mwaka 1969. Mwaka huo huo meli ya Atlantis II iliingia Bahari Nyeusi, ambayo maji yake ya chini hayana oksijeni kabisa.

Hapo ndipo habari inapotufikia sisi. Bahari ya Shamu ni mahali ambapo ardhi inapasuka na kuachana. Bonde letu la Ufa nalo ni ardhi inayopasuka, ila bado changa. Kama mpasuko wa kule unatoa maji ya moto yenye madini, kwa nini wa huku usitoe? Tena Kivu, kama Bahari Nyeusi, ina maji ya chini yasiyo na oksijeni. Kwa Degens, ziwa letu lilikuwa mambo hayo mawili mahali pamoja. Akaanza na Tanganyika, kisha katika mwaka 1971 na 1972 kikosi cha Woods Hole kikafanya kazi Kivu, wakati jirani zetu wakibadilisha jina la nchi yao kutoka Congo kuwa Zaïre.

Walichokikuta Kivu

Tusimpunje mtu haki yake: Degens hakuwa wa kwanza. Mbelgiji Hubert Damas alilipima ziwa tangu miaka ya 1930, na kuanzia mwaka 1963 gesi ya methani ilikuwa ikitolewa hapa Rubona kupasha moto mitambo ya kiwanda cha bia cha Bralirwa. Kilichokosekana kilikuwa picha nzima.

Kikosi kile kiliipata kwa njia tatu. Kwanza, walituma mawimbi ya sauti hadi sakafuni na kusikiliza yanavyorudi. Wakaona kuwa upande wa kaskazini, yaani upande wetu, mashapo yamerundikana hadi unene wa kiasi cha mita 500. Pili, walipima maji kutoka juu hadi chini. Ziwa lolote la kawaida hupoa kadiri unavyoshuka. Kivu hupoa mpaka karibu mita 80 au 90, kisha huanza kupata joto, na chumvi na gesi huongezeka kwa ngazi mpaka chini, kwenye kina cha mita 485. Maana yake ni kwamba chemchemi za maji ya moto, ndugu za zile za Nyamyumba tunazokwenda kuoga, zinaingia ziwani kutoka chini. Maji hayo yenye chumvi ni mazito, kwa hiyo hubaki chini na kuishikilia gesi isipande.

Tatu, na hapa ndipo penye moyo wa kazi yake, walizamisha mabomba ya chuma kwenye matope na kuyatoa yakiwa yamejaa matabaka membamba kama kurasa. Kutokana na kurasa hizo Degens na mwenzake Robert Hecky walisimulia historia ya maelfu ya miaka. Ziwa liliwahi kuwa na maji machache sana kuliko leo. Volkano za Virunga zilikuwa zimekwisha kuziba njia ya kaskazini, ambako maji ya eneo hili yalielekea zamani upande wa Ziwa Edward na Mto Nile. Ziwa likajaa mpaka, kiasi cha miaka 10,000 iliyopita, likafurika kusini kupitia Ruzizi kwenda Tanganyika. Kwa hiyo maji ya Kivu, ambayo hapo kale njia yake ilikuwa ya Nile, leo huishia katika Mto Congo.

Ndani ya maji waligundua pia kitu cha ajabu: vitone vidogo mno vya utomvu vinavyoelea, vimebeba fuwele za zinki na salfa. Hiyo ilikuwa dalili nyingine kwamba madini hupanda na maji ya moto, kama kule Bahari ya Shamu.

Gesi ilitoka wapi?

Mwaka 1973 Werner Deuser, Degens na wenzao walitoa jibu lao. Walichunguza chembe za kaboni ndani ya methani na kuona kuwa haikutoka volkano moja kwa moja, wala kwa sehemu kubwa haikutokana na viumbe vilivyooza. Volkano hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi, na bakteria waishio chini ya ziwa huichukua pamoja na haidrojeni na kutengeneza methani. Kwa maneno mengine, Nyiragongo na jamaa zake huleta unga, bakteria ndio wapishi.

Jibu hilo halikusimama lote. Mjerumani mwingine, Klaus Tietze, alilipima ziwa upya katikati ya miaka ya 1970, na mwaka 1988 yeye na wenzake walionyesha kuwa kiasi cha theluthi mbili ya methani hutokana na kaboni dayoksaidi na theluthi moja hutokana na mabaki ya viumbe. Mwaka 2005 ikachapishwa taarifa kuwa gesi imeongezeka kwa asilimia 15 hadi 20 katika miaka 30. Vipimo vya karibuni zaidi havikuona ongezeko hilo. Ndivyo elimu inavyokwenda: mmoja anaweka msingi, mwingine ananyoosha ukuta.

Mwenyewe Degens alikuwa amerudi kwao mwaka 1973 kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Hamburg. Aliongoza uchunguzi wa Ziwa Van la Uturuki mwaka 1974, na miaka ya 1980 yeye na wanafunzi wake walipima kaboni inayobebwa na mito mikubwa ya dunia kwenda baharini, kazi ambayo leo ina maana kubwa katika mjadala wa tabia nchi. Kitabu chake cha mwisho kilitoka mwaka 1989, mwaka ule ule aliofariki.

Deni tulilo nalo

Mwaka 1986 Ziwa Nyos la Kameruni lilitapika kaboni dayoksaidi usiku mmoja, watu zaidi ya 1,700 wakafa. Kivu ni kubwa kuliko Nyos maradufu ya maradufu, na ndani yake mna takriban kilomita za ujazo 300 za kaboni dayoksaidi na 60 za methani. Mwezi Januari 2002 uji wa moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma ukaingia ziwani, na mwezi Mei 2021 volkano ikalipuka tena. Mara zote mbili watu wa Rubavu waliuliza swali lile lile: je, ziwa litapasuka? Mwaka 2002 wataalamu walipima na kuona kuwa matabaka ya chini hayakutikisika. Waliweza kusema hivyo kwa sababu vipimo vya zamani vya kulinganisha vilikuwepo.

Leo gesi inatoa umeme: mtambo wa KivuWatt huko Karongi una megawati 26, na mradi wa Shema Power hapa kwetu Rubavu ulijengwa kwa megawati 56. Maji yakishatolewa gesi hurudishwa kwenye kina kilichochaguliwa kwa uangalifu, ili ngazi zile za chumvi zisivurugike. Ngazi hizo ndizo kifuniko cha chungu, na kizazi cha Degens ndicho kilichozichora kwa ukamilifu.

Mimi nasikitishwa na jambo moja. Matope ya ziwa letu yalisafiri hadi Ulaya na Marekani, na habari zake zikaandikwa kwa Kiingereza na Kijerumani. Mtoto wa Rubavu anamaliza shule akijua bei ya sambaza, na bila kuambiwa kwamba chini ya mtumbwi wa baba yake kuna kurasa za miaka elfu kumi. Wazee walituachia neno kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la Kivu lipo, limelala sakafuni. Degens alilifungua akasoma kurasa za juu. Zilizobaki zinawangojea vijana wetu, nasi walimu kazi yetu ni kuwafundisha herufi zake: kemia, fizikia na jiografia, tukianzia na ziwa wanaloliona kila siku dirishani.