John Kirk: Mswaki, sumu ya mishale na siri ya mishipa ya damu

Katika msafara wa David Livingstone kwenye Mto Zambezi, daktari kijana kutoka Uskoti alipiga mswaki, akaonja uchungu usio wa kawaida. Mswaki huo ulikuwa umegusana na sumu ya mishale aliyoihifadhi. Mwingine angesukutua tu na kushukuru Mungu. Yeye aliuangalia moyo wake, akakuta mapigo yamepungua.

Daktari huyo alikuwa John Kirk, aliyezaliwa mwaka 1832. Alisomea udaktari Edinburgh, akajiunga na Livingstone mwaka 1858 akiwa tabibu na mtaalamu wa mimea. Sumu yenyewe wenyeji waliiita kombe, na ilitokana na mbegu za mmea utambaao. Wawindaji walijua tangu kale kwamba huangusha mnyama mkubwa. Elimu ilikuwa yao, ingawa vitabu vya tiba havikuandika majina yao. Huko Edinburgh, Profesa Thomas Fraser aliichunguza sumu hiyo na kutenga kiini chake, strofanthini, kikawa dawa ya moyo uliodhoofika.

Watu wa pwani humkumbuka Kirk kwa jambo jingine. Alihamia Unguja mwaka 1866, akapanda hadi kuwa balozi mdogo mkuu wa Uingereza. Mwaka 1873, kwa ushawishi wake na kwa tishio la manowari, Sultani Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa. Hata kima punju wa Unguja, ambaye jina lake la Kiswahili lina maana ya sumu, kwa jina la kisayansi huitwa kwa heshima ya Kirk.

Kirk alifariki mwezi wa Januari 1922. Miaka 35 baadaye, Jens Skou wa Denmark alieleza kimeng'enya ambacho sumu za jamii hiyo hukizuia: pampu iliyo kwenye ganda la seli, inayotoa sodiamu na kuingiza potasiamu. Pampu ikizuiwa, sodiamu hujaa ndani, na kalsiamu hubaki nyingi. Moyo hupiga kwa nguvu zaidi. Dozi ikizidi, husimama.

Kalsiamu hiyohiyo ndiyo inayoongoza misuli laini ya mishipa ya damu. Homoni ya noradrenalini haiingii ndani ya seli ya misuli hiyo. Hubisha hodi kwenye kipokezi kilicho nje, na ndani kalsiamu huachiliwa kutoka ghalani. Kalsiamu huamsha kimeng'enya kinachoikaza misuli, mshipa hujibana, na presha hupanda.

Sodiamu si jambo geni kwa wakazi wa Mahango na Bwera, kwani ni sehemu ya chumvi inayovunwa Ziwa Katwe, katika wilaya yao ya Kasese. Chumvi nyingi mwilini hupandisha presha, na njia inayotumika imewashughulisha watafiti kwa miaka mingi. Mwaka 1991, watafiti wa Marekani walitangaza kwamba katika damu ya binadamu kuna kitu kifananacho na wabaini, sumu ya mishale iliyotumiwa na wawindaji wa Somalia na Kenya. Walipendekeza kwamba ni homoni ya mwili wenyewe, inayoizuia pampu ileile ya Skou katika misuli ya mishipa. Wataalamu wangali wanabishana.