Glenn Warner: Kocha aliyegeuza hadaa kuwa silaha uwanjani

WACHEZAJI wa Chuo Kikuu cha Harvard walizagaa uwanjani mnamo Oktoba 31, 1903, wakimkamata kila kijana aliyepita mbele yao, lakini mpira hawakuuona. Kipindi cha pili kilikuwa kimeanza tu. Harvard walikuwa wameupiga mpira juu, naye Jimmy Johnson wa shule ya Carlisle akaudaka karibu na mstari wa kwao. Wenzake wakamkusanyikia upesi, na katika msongamano ule mpira ukatiwa mgongoni ndani ya fulana ya Charles Dillon, fulana ambayo ilikuwa imeshonewa lastiki kiunoni.

Kisha wakatawanyika, kila mmoja akijifanya amekumbatia kitu kifuani. Dillon alikimbia mikono mitupu kiasi cha yadi 100. Waliomwona anakuja walimpisha, maana hakuna aliyedhani kuwa kibyongo kile kilikuwa ndicho mpira wenyewe. Harvard walishinda hatimaye kwa alama 12 kwa 11, lakini hadi leo mchezo huo hukumbukwa kwa mbio za Dillon, si kwa matokeo.

Aliyepanga hila hiyo alikuwa Glenn Scobey Warner, kocha wa Carlisle. Yeye mwenyewe aliichukulia kama mzaha wa siku moja. Kazi yake halisi, iliyomchukua miaka mingi na iliyobadilisha kandanda ya Marekani, ilikuwa kuunda mfumo mzima wa mashambulizi ambamo mpira hufichwa mbele ya macho ya watu, bila lastiki wala sindano ya mshonaji.

Warner alizaliwa mnamo Aprili 5, 1871 huko Springville, katika jimbo la New York. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Cornell na kuhitimu mwaka wa 1894. Kwa kuwa aliwazidi umri wachezaji wenzake chuoni, walimbandika jina la Pop, yaani Baba, na jina hilo likamganda maisha yake yote. Uanasheria haukumkalia. Mwaka wa 1895 alikuwa tayari anakifunza Chuo Kikuu cha Georgia, na mwaka wa 1899 akaingia Carlisle.

Carlisle haikuwa shule ya kawaida. Ilifunguliwa mwaka wa 1879 na afisa wa jeshi, Richard Henry Pratt, katika kambi kuukuu ya askari jimboni Pennsylvania. Watoto wa Wamarekani asilia waliletwa huko kutoka mbali, wakakatwa nywele, wakapewa majina mageni na kukatazwa kusema lugha za mama zao. Kusudi la serikali lilikuwa kuwavua asili yao. Ni katika shule hiyo ambapo Warner alikabidhiwa vijana wepesi, wenye mbio na akili kali, ambao kila Jumamosi walitakiwa kukabiliana na wana wa matajiri waliowazidi uzani kwa mbali.

Msomaji aliyezoea raga ataelewa upesi ugumu uliokuwapo. Katika kandanda ya Marekani, timu mbili za watu 11 husimama zikitazamana, na timu yenye mpira hupewa nafasi chache za kusonga mbele yadi kadhaa, la sivyo huupoteza. Mchezaji huruhusiwa kumzuia kwa mwili mpinzani asiye na mpira ili mwenzake apite, jambo ambalo katika raga ni kosa. Enzi hizo, basi, makocha waliwarundika wanaume wazito mahali pamoja na kuwasukuma kama tingatinga. Mifupa ilivunjika na vijana walikufa. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka wa 1905 Rais Theodore Roosevelt aliwaita wawakilishi wa vyuo kujadili usalama wa mchezo huo, na mwaka uliofuata sheria zikabadilishwa: ikaruhusiwa kurusha mpira mbele, na timu ikatakiwa kupata yadi 10 katika majaribio matatu.

Warner aliisoma sheria mpya kwa jicho la wakili. Kwa kuwa vijana wake hawangeweza kumsukuma mtu, ilibidi wamfanye mtu huyo aende mwenyewe mahali pasipo na mpira.

Alianza kwa kuupindisha mstari wa mbele, akaweka watu wengi upande mmoja wa mrushaji kuliko upande wa pili. Mkimbiaji mmoja alimtoa nyuma akamweka pembeni, nje kidogo ya ncha ya mstari, na kutokana naye mtindo huo ukaitwa wa winga mmoja. Mpira ulirushwa moja kwa moja hadi kwa mkimbiaji aliyesimama yadi chache nyuma, bila kupitia mikononi mwa mtu wa kati. Kundi zima likamtangulia kuelekea upande mzito. Wapinzani walipigwa hivyo mara moja, mara mbili, mara tatu, hata wakaanza kuukimbilia upande ule kabla mpira haujatoka.

Hapo ndipo alipowataka wafike. Baada ya muda aliongeza ujanja wa mzunguko: aliyepokea mpira huwageuzia wapinzani mgongo na kuzunguka kama pia, huku winga akipita mbele yake kwa kasi akielekea upande mwingine. Je, amempa mpira au amebaki nao? Mlinzi alikuwa na muda wa kupepesa jicho tu kuamua. Akimfuata winga, mwenye mpira hupenya katikati. Akibaki katikati, winga amekwenda. Palikuwa pia na mtego wa kumwachia jitu la upinzani njia wazi, liingie kwa furaha, kisha lipigwe ubavuni na mtu lisiyemtarajia.

Ugumu wa mfumo huo ni kuufundisha. Hadaa hufa pale mchezaji mmoja anapopiga hatua tofauti na ile aliyopiga katika mchezo uliotangulia. Hivyo hatua za kwanza za kila mpango zilifanana, iwe mpira unakwenda kulia, kushoto au katikati, na asiye na mpira alipaswa kukimbia kana kwamba uhai wake umo kwapani. Warner aliwarudisha vijana wake mazoezini hadi wakayafanya hayo bila kufikiri. Aliwafunza pia kumzuia mpinzani kwa kujitupa kiwiliwili kizima ubavuni badala ya kusukumana bega kwa bega.

Matunda yalionekana. Baada ya kurejea Cornell kwa misimu mitatu, Warner alirudi Carlisle mwaka wa 1907, na timu hiyo ikailaza Pennsylvania 26-6 na Harvard 23-15. Mnamo Novemba 9, 1912, huko West Point, ilikutana na timu ya chuo cha jeshi, miaka 22 tu baada ya askari wa Marekani kuwaua Walakota huko Wounded Knee. Inasimuliwa kuwa Warner aliwakumbusha vijana wake ni wana wa akina nani. Walishinda 27-6, nyota wao akiwa Jim Thorpe. Miongoni mwa wanajeshi walioshindwa siku hiyo alikuwa Dwight Eisenhower, aliyekuja kuwa rais mwaka wa 1953.

Kumbukumbu za Carlisle, hata hivyo, hazimtukuzi Warner peke yake. Thorpe alikuwa ameshinda dhahabu mbili katika Olimpiki za Stockholm mwaka huo wa 1912. Mapema 1913 ilifichuka kwamba aliwahi kulipwa pesa kidogo kwa kucheza besiboli, na medali zake zikachukuliwa. Warner alisema hakujua lolote. Wanahistoria wengi hawamsadiki, kwa kuwa yeye ndiye aliyeendesha michezo yote shuleni, na wanaona kwamba alimwacha kijana wake abebe mzigo peke yake ili jina la kocha lisichafuke. Thorpe alifariki mwaka wa 1953 bila kurudishiwa haki yake. Ni mwaka wa 2022 tu alipotambuliwa tena kuwa mshindi pekee wa mashindano yale mawili.

Mwaka wa 1914 wanafunzi zaidi ya 200 wa Carlisle walitia sahihi malalamiko, na tume ya Bunge la Marekani ikaja kuchunguza. Wachezaji walieleza jinsi kocha wao alivyowatukana, na maswali yakaulizwa kuhusu pesa za viingilio. Warner aliondoka baada ya msimu huo. Shule ilifungwa mwaka wa 1918.

Alikokwenda hakukosa ushindi. Akiwa Pittsburgh hakupoteza mchezo hata mmoja misimu ya 1915, 1916 na 1917. Huko Stanford, kuanzia 1924, aliuendeleza mtindo wa winga wawili, mmoja kila ncha, hata hadaa ikawezekana kuanzia pande zote. Desemba 1928 Stanford walivuka nchi nzima hadi New York na kuwachapa wanajeshi 26-0, na baada ya hapo makocha wengi wa mashariki wakaanza kuuiga.

Warner alistaafu baada ya msimu wa 1938 akiwa na ushindi zaidi ya 300, akaaga dunia mjini Palo Alto mnamo Septemba 7, 1954. Kufikia wakati huo mtindo wake ulikuwa umeachwa na wengi. Lakini mnamo Septemba 21, 2008, timu ya kulipwa ya Miami Dolphins, iliyokuwa imeshinda mchezo mmoja tu msimu wote uliotangulia, ilikwenda kwa vigogo New England Patriots, ikaanza kuurusha mpira moja kwa moja kwa mkimbiaji huku mwenzake akipita mbele yake kwa kasi. Walinzi wa New England hawakujua wamfuate nani. Miami walishinda 38-13.