Alfredo Zitarrosa, Mwimbaji wa Uruguay

Alfredo Zitarrosa alizaliwa Montevideo, mji mkuu wa Uruguay, mwaka 1936. Kabla ya kuimba alikuwa mtangazaji wa redio, na mshairi pia. Mwaka 1959 diwani yake ilipata tuzo ya manispaa, lakini hakuichapisha. Uimbaji ulimjia kwa bahati tu: mwaka 1964, akiwa Peru hana kitu mfukoni, aliimba katika televisheni ili apate fedha. Tangu hapo sauti yake nzito, iliyosindikizwa na magitaa matupu, ikajulikana nchini kwao. Aliimba habari za vibarua wa mashambani, naye amevaa suti na tai kama karani.

Utawala wa kijeshi ulioanza mwaka 1973 ulizipiga marufuku nyimbo zake. Mwaka 1976 akaihama nchi. Akaishi Argentina, kisha Hispania, hatimaye Meksiko. Kote huko Kihispania kilizungumzwa, wala hakuhitaji mkalimani. Hata hivyo, kalamu yake ilikaribia kukauka: alipanda jukwaani, akashangiliwa, lakini nyimbo mpya zilikuwa chache mno. Mwalimu wa lugha, nadhani, hatalistaajabia jambo hili. Zitarrosa alitunga kwa mwendo wa milonga na kwa semi za watu wa kwao, na semi hizo hazikuwa vinywani mwa watu wa Hispania wala wa Meksiko.

Alirejea tarehe 31 Machi 1984, wanajeshi wangali madarakani. Umati mkubwa ulimlaki. Alifariki Montevideo tarehe 17 Januari 1989, akiwa na umri wa miaka 52.