Sayyid Barghash na Maji ya Chemchem

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Wanaohudhuria darasa zetu wajua kwamba suala la maji limetushughulisha mara nyingi. Wako wasemao kuwa maji ni bidhaa kama mchele na nguo, auze mwenye kuuza, anunue mwenye uwezo, na bei itakaa sawa yenyewe sokoni. Wako wasemao kuwa ni wajibu wa dola kumfikishia kila raia maji. Badala ya kuongeza maneno juu ya maneno, tumeona bora tukumbushe maisha ya mtu aliyetawala pwani yetu hii na akazijaribu njia zote mbili, naye ni Sayyid Barghash bin Said.

Alizaliwa kiasi cha mwaka 1837, baba yake akiwa Sayyid Said bin Sultan na mama yake Mhabeshi. Sayyid Said alipofariki mwaka 1856, ufalme wa Unguja ulishikwa na Sayyid Majid. Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 alimwasi nduguye, Waingereza wakamsaidia Majid, na Barghash akapelekwa Bombay akakaa huko kiasi cha miaka miwili. Katika muda huo huo maji ya bwawa la Vihar yalianza kufika Bombay kwa mabomba. Sisi twadhani kwamba uhamisho ule ulimsomesha zaidi kuliko anasa za jumba la baba yake.

Majid alifariki Oktoba 1870, sawa na mwaka 1287 wa Hijra, na Barghash akakalia kiti. Aliurithi mji mgonjwa. Kipindupindu cha 1869 na 1870 kilikuwa kimekwisha kuua maelfu ya watu. Visima vya mjini vilikuwa karibu na vyoo na makaburi, na maji yake mengi yalikuwa ya chumvi. Mwenye mali aliweza kumtuma mtumwa akateke mbali. Maskini alikunywa alichokipata. Kisha Aprili 1872 ikaja tufani iliyovunja merikebu zake na kung'oa mikarafuu, na Juni 1873 Waingereza wakamlazimisha kutia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa.

Wala hazina yake haikuwa pana. Mikataba aliyoiacha baba yake ilimzuia kutoza bidhaa za kigeni zaidi ya asilimia 5. Ushuru wenyewe hakuukusanya yeye, bali ulikodishwa kwa matajiri wa Kihindi, na kwa miaka mingi ulikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Sewji. Tajiri humlipa Sayyid fungu lililopatanwa kila mwaka, na kinachozidi ni chake. Hata mali ya dola, basi, ilikuwa ni tijara ya mtu.

Pamoja na dhiki hiyo, aliyatoa maji safi katika chemchem iliyo upande wa Bububu, kaskazini ya mji, akayaleta mpaka mjini kwa mfereji. Wakateka tajiri na fakiri, muungwana na mtumwa, bila ya kulipa. Msomaji asilione jambo hili dogo. Angaliweza kuukodisha mfereji kama alivyoukodisha ushuru, na matajiri wa kuuchukua hawangalikosekana, kwani maji ni biashara isiyokosa mnunuzi. Hakufanya hivyo. Sote twakijua kisa cha kisima cha Ruma katika Madina, ambacho mwenyewe alikuwa akiwauzia watu maji, mpaka Sayyidna Uthman akakinunua kwa mali yake na kukifanya wakfu. Na twajua pia mafundisho ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Mwenye kubeba maji kwa jasho lake ana haki ya ujira wake. Hilo wanazuoni wetu hawalikatai. Linalokatazwa ni kumnyima mwenye kiu kwa sababu mfuko wake ni mtupu.

Alinunua pia meli za moshi. Zilileta mchele na bidhaa kutoka Bara Hindi, na zikachukua mahujaji kwenda Hijaz. Biashara hakuifunga, na wafanyabiashara wa kila taifa waliendelea kununua na kuuza kama desturi.

Walakini hatuandiki haya ili kumpamba. Mwaka 1883 alijenga Beit al-Ajaib, fakhari ambayo gharama yake ingalitosha kwa mifereji mingine. Alimtia gerezani Sheikh Ali bin Abdalla Mazrui, mwanachuoni mkubwa wa Mombasa na baba wa Sheikh Al-Amin, kwa sababu ya mabishano ya madhehebu, naye hakutoka ila baada ya Sayyid kufa. Sisi tulio wanafunzi wa wanafunzi wa nyumba hiyo hatukusahau.

Lililo zito zaidi latugusa sisi wenyewe. Maji yale hayakuwa bure. Yalilipwa kwa ushuru wa karafuu na pembe, na karafuu zilichumwa na watumwa. Malindi yetu (si mtaa wa Malindi wa Unguja) ilifufuliwa mwaka 1861 katika enzi ya Majid, na mtama na ufuta wake ulipelekwa mpaka Arabuni, nao pia ulilimwa na watumwa. Mfereji wa Chemchem haukufika Malindi, wala Takaungu, wala Kilifi. Njaa ilipoingia bara ya pwani hii mwaka 1884, hapakuwa na ghala ya dola. Lilikuwapo soko tu. Mwenye nafaka aliuza kwa bei aliyoitaka, na wazee wa Kimijikenda waliokuwa hawana fedha wakaweka watoto wao rehani kwa vibaba vya nafaka. Wengi katika watoto hao hawakukombolewa, wakawa watumwa. Na wanunuzi walikuwa ni Waislamu wa miji hii, watu wa kusali. Haifai kulificha.

Mwisho wa maisha yake Barghash alibanwa na Wajerumani na Waingereza, na kwa mapatano yao ya 1886 akaachiwa ukanda wa maili 10 tu. Mei 1887 aliukodisha utawala wa pwani, toka Umba hadi Kipini, kwa shirika la William Mackinnon, kwa miaka 50. Malindi na Kilifi zimo humo. Polisi, mahakama na ushuru vikawa mikononi mwa watu wa hisa. Mtu aliyekataa kuyauza maji akakubali kuikodisha serikali nzima! Twamwonea huruma, maana alikuwa na bunduki za Wazungu mbele ya uso wake, lakini kosa ni kosa.

Hakuyaona matokeo. Alikwenda Oman kutafuta afya, akarejea, akafariki tarehe 27 Machi 1888. Kampuni ile ilipata hati ya kifalme Uingereza mwaka huo huo, na kwa miaka saba ikatumia zaidi ya ilichopata, kisha mwaka 1895 ikauacha mzigo na Uingereza ikautwaa. Wenye hisa walilipwa fidia ya pauni 250,000. Katika hizo, pauni 200,000 zilitolewa katika mali ya Unguja, fedha zile zile walizolipa Wajerumani kwa kuichukua pwani ya kusini. Yaani hasara ya wafanyabiashara ilifidiwa kwa mali ya raia, wala raia hawakuulizwa.

Leo maji ya Malindi na Kilifi hutoka Baricho, katika mto Sabaki, na Katiba ya Kenya ya 2010 yasema maji safi ni haki ya kila mtu. Mitaani mwetu madumu bado huuzwa juu ya mikokoteni, na mwenye nyumba ya udongo hulipa kwa dumu zaidi ya alipavyo mwenye bomba ndani. Wale wanaobishana darasani na waanzie hapo.

Mwenyezi Mungu amsamehe Sayyid Barghash dhulma zake, na amlipe kwa kila aliyekunywa maji yale akiwa na kiu. Amin.