David Livingstone, Mgeni wa Dilolo

Mji wa Dilolo, ulio magharibi mwa jimbo la Lualaba, una jina moja na ziwa lililo kusini yake, ng'ambo ya mpaka wa Angola. Kando ya ziwa hilo alipita, mwezi wa Februari mwaka 1854, msafiri mmoja aliyedhoofishwa na homa. Msafiri huyo ni David Livingstone. Wengi wamelisikia jina lake. Wachache wamefikiri ni watu wangapi waliomlisha, waliomvusha mito na kumlaza hata akapata sifa hiyo. Ndugu wasomaji, na tuyatazame maisha yake kwa upande huo.

Alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, nchi ya Uskoti, katika nyumba ya watu maskini. Alipokuwa na miaka kumi aliwekwa kazini katika kiwanda cha pamba, akajifunza kusoma kwa juhudi hata akawa mganga na mhubiri wa Kiprotestanti. Mwaka 1841 alifika Afrika ya Kusini.

Mwaka 1849 alivuka jangwa la Kalahari pamoja na wenzake, wakitafuta ziwa Ngami. Njiani maji yakawaishia. Wakamwona mwanamke wa kabila la wawindaji wa jangwani, naye akakimbia. Walipomfikia alidhani ametekwa, akawatolea vitu vyake vichache. Wakamweleza kwamba wanataka maji tu. Basi akawatangulia kwa miguu mbele ya farasi zao, mwendo wa kilometa kumi na tatu hivi, mpaka kwenye kisima. Wakampa nyama na ushanga, ndipo hofu ikamtoka, akacheka.

Mwezi wa Novemba 1853 Livingstone aliondoka Linyanti pamoja na watu 27 wa mfalme Sekeletu, kutafuta njia ya kufika Luanda, pwani ya magharibi. Sasa shida haikuwa kiu tena, bali mvua, mafuriko na homa. Chifu Katema, aliyekaa karibu na ziwa Dilolo, aliwapa unga, kuku na mayai. Tarehe 20 Februari wakafika penye ziwa.

Wenyeji walikuwa na hadithi juu ya asili ya ziwa hilo. Hapo kale bibi mtawala, jina lake Monenga, alifika jioni katika kijiji cha Mosogo, akaomba chakula. Mosogo alikuwa ameenda kuwinda, lakini mkewe akampa bibi cha kumtosha. Akafika kijiji cha pili, akaomba vile vile. Huko wakamnyima, na alipowaonya wakamdhihaki, wakimwuliza ataweza kufanya nini. Basi akaanza kuimba polepole, akilitaja jina lake. Na alipoivuta sauti ya mwisho, kijiji kizima kikazama pamoja na watu, kuku na mbwa, mahali pake pakawa ziwa. Hadithi hii si fundisho la imani. Lakini yatuonyesha kwamba hata kabla ya katekisimu kufika, wazee walijua kuwa kumnyima mgeni ni kosa zito.

Mbele ya Dilolo wasafiri walizuiwa mara nyingi, wakidaiwa hongo: ng'ombe, bunduki, au hata mtu. Tusiwahukumu upesi waliodai hivyo. Misafara ya wafanya biashara ya watumwa ndiyo iliyowazoeza kulipwa binadamu kama bei ya njia. Dhambi ya mgeni mmoja humharibia njia mgeni ajaye.

Mwezi wa Aprili, penye mto Kwango, sarjenti Cypriano di Abreu, mtu wa damu ya Kireno na ya Kiafrika, aliwasaidia kuvuka. Akawapa watu wote maboga na mahindi, akang'oa na mihogo ya bustani yake. Tarehe 31 Mei 1854 wakaingia Luanda. Bwana Gabriel, mjumbe wa Uingereza, alimwachia mgonjwa kitanda chake. Naye Livingstone alikuwa amelala chini miezi sita. Askofu wa Luanda, aliyekaimu ugavana wakati ule, hakuuliza kwanza dini yake. Alimpokea kwa upendo. Nao wachukuzi wakavikwa nguo mpya, na Sekeletu akapelekewa farasi.

Manahodha Waingereza walitaka kumrudisha Livingstone kwao kwa meli. Akakataa, kwa kuwa alikuwa amewaahidi watu wake kuwarudisha makwao. Akarudi kwa miguu, akapita Dilolo tena mwezi wa Juni 1855, na mwezi wa Septemba akawafikisha Linyanti. Hiyo ndiyo shukrani ya kweli: mgeni aliyetendewa mema asiwatupe waliomchukua.

Alikufa mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha chifu Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Susi, Chuma na wenzao wakauzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua miezi tisa hivi mpaka Bagamoyo. Huko, Februari 1874, Mapadre wa Roho Mtakatifu waliupokea katika misheni yao ya Kikatoliki. Mwezi wa Aprili ukazikwa London.

Tazameni basi matendo ya huruma katika maisha ya mtu mmoja. Mwanamke wa jangwani alimnywesha mwenye kiu. Katema na Cypriano waliwalisha wenye njaa. Bwana Gabriel na Askofu walimkaribisha msafiri, wakamtunza mgonjwa. Susi na Chuma walimheshimu maiti. Wengi wao hawakuwa na kitabu cha dini mikononi. Sisi tunacho, na tumefundishwa kwamba katika mgeni anakuja Kristo mwenyewe. Siku ya hukumu tutaulizwa mlangoni petu alibisha nani, nasi tulimpa nini.